Faili la Paa na Likizo ya Mzee Sumaku

Jina lake halisi alilijua mhasibu peke yake, kwa sababu ya mshahara. Wengine wote pale ofisini, kuanzia mkuu hadi mlinzi wa getini, walimwita Mzee Sumaku. Alikuwa akiingia masjala mikono mitupu, anasimama katikati ya rafu, anafumba jicho moja, ananyoosha mkono, na faili linamjia. Hakuna mtu mwingine aliyeweza kufanya hivyo. Huo ulikuwa uzuri wa jambo lenyewe, na ubaya wake ulikuwa huo huo.

Masjala ilikuwa chumba kirefu nyuma ya jengo, chenye dirisha moja na harufu ya vumbi na gundi. Mafaili yalikaa kwa utaratibu, asikudanganye mtu, ila utaratibu wenyewe ulikuwa kichwani mwa Mzee Sumaku na haukuwahi kutoka humo. Aliyapa mafaili majina kwa matata yaliyoleta. Ugomvi wa mpaka kati ya shule na zahanati uliitwa "Wale Wawili". Barua za mwananchi aliyelalamika kila wiki kuhusu taa ya barabarani ziliitwa "Huyo Tena". Kulikuwa na "Kisima", na "Kisima Hakitoi Maji", na "Kisima: Wasituulize". Halafu kulikuwa na paa.

Paa la ofisi ile liliezekwa upya na mkandarasi mmoja aliyetia saini mkataba kwamba likivuja atalitengeneza bure. Tangu siku aliyotia saini, hajapata kukubali kwamba alitia saini. Kila mvua zikianza, ofisi inavuja, mkandarasi anaitwa, anakana katakata, anaonyeshwa mkataba, anaushangaa mwandiko wake mwenyewe, ndipo analeta mafundi. Ukimpa nakala abaki nayo, inapotea kabla hajafika nyumbani. Kwa hiyo bila faili la paa hakuna paa, na bila Mzee Sumaku hakuna faili.

Ndiyo maana hakuwahi kumaliza likizo. Akikaa nyumbani kidogo tu, simu inalia. "Mzee, la kisima liko wapi?" Naye anajibu kwa sauti kubwa, majirani wote wasikie, "Rafu ya dirishani! Chini ya lile lenye doa la chai!" Wakishindwa kuliona, anavaa viatu na kuondoka. Hata siku ya harusi ya binti yake aliondoka kabla keki haijakatwa, kwa sababu mvua ilikuwa imemnyeshea mkuu mezani. Katika picha za harusi ile baba wa bibi harusi haonekani tena baada ya sala ya kufungua. Kwenye picha moja kuna mkono wake, nao umeshika simu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani aliyeshona sare za shule. Alikuwa mwanamke asiyepaza sauti, na hicho ndicho kilichomtisha mumewe. Mwanamke anayefoka unajua amefikia wapi. Huyu alikuwa anashona tu, na cherehani ndiyo inayokwenda kasi.

Basi siku moja ikaletwa ofisini Orodha ya Istilahi za Uainishaji wa Kumbukumbu za Serikali. Jina lilikuwa refu kiasi kwamba watu walilifupisha wakaliita Kitabu cha Maneno. Kilikuja pamoja na mtaalamu kutoka makao makuu, dada wa miwani mwenye sauti ya upole, ambaye alikaa masjala kuanzia asubuhi na vumbi likamfanya apige chafya hadi miwani ikaanguka. Alipoacha kupiga chafya, alitoa faili moja rafuni.

"Mzee wangu, hili la 'Huyo Tena' lina nini ndani?"

"Huyo tena."

"Nani?"

"Yule wa taa."

"Sasa mimi nisiyemjua nitalipataje?"

"Utaniuliza mimi."

"Na usipokuwepo?"

Mzee Sumaku alishangaa. Hilo swali hakuwahi kuulizwa. "Mimi nipo," alisema.

Dada wa miwani hakubishana. Alivuta kigoda, akafungua kitabu, akaeleza polepole na kwa adabu. Faili halipewi jina kwa kelele liliyoleta, alisema, linapewa jina kwa kazi ambayo ofisi inaifanya. Na neno la kazi hiyo halitoki kichwani kwako wala kwangu, linatoka humu, ili ofisi ya hapa na ofisi ya mbali kabisa ziite kitu kimoja kwa neno moja. Ukitafuta neno ambalo kitabu hakilitumii, kitakuelekeza kwenye lile kinalotumia. Ukitafuta "Gari", kitakwambia: tazama Vyombo vya Usafiri. Ukitafuta "Choo": tazama Huduma za Usafi.

Mzee Sumaku alikichukua kitabu kile kwenda nacho nyumbani akitafuta kosa. Alitafuta "Panya", akapata: tazama Wanyama Waharibifu. Alitafuta "Fitina", akakosa. Alitafuta "Umbea", akakosa vilevile, akafurahi sana, maana pale ofisini hiyo ilikuwa idara nzima yenye watumishi hodari, na makao makuu hawana hata neno lake. Lakini kadiri alivyosoma ndivyo kilivyomkolea. Kila kitu kina mahali, na mahali pana jina, na jina linajulikana. Kufikia wikiendi alikuwa anamwambia mkewe kwamba sufuria zikae kwenye Vifaa vya Jikoni na si juu ya Samani. Mkewe akasema, "Zitahama ukizihamisha." Zikabaki zilipo.

Kazi ya kuhamisha mafaili ilichukua msimu mzima wa kiangazi. "Wale Wawili" likawa Ardhi, Usuluhishi wa Mipaka. "Kisima" na wenzake wakaungana chini ya Huduma za Maji. Dada wa miwani alipokuja kukagua, alipita kwenye rafu akigusa lebo mpya moja moja, akasema kazi kama hiyo hajaiona kwingine, na kwamba atawaambia hivyo makao makuu. Mzee Sumaku alivimba kichwa siku nzima. Hata kofia ilimbana.

Kesho yake alitoka kwenda kula. Aliporudi, alimkuta mhasibu anatoka masjala na faili kwapani.

"Nani amekupa hilo?"

"Nimechukua tu, Mzee. Si imeandikwa? Vyombo vya Usafiri, Mafuta. Rafu ya tatu." Akaenda zake akipiga mluzi.

Mzee Sumaku alisimama mlangoni kama mtu aliyerudi nyumbani akamkuta mgeni anakoroga chungu. Halafu akaja wa ardhi, akachukua lake. Akaja wa elimu. Akaja hata mlinzi wa getini, ambaye hakuwa na shida na faili lolote, alitaka tu kujaribu, na akalipata.

Tuseme ukweli: aliogopa. Hakuogopa kufukuzwa, maana pensheni ilikuwa imekaribia na hakuna aliyekuwa na hasira naye. Aliogopa kitu cha kitoto zaidi. Kwa miaka yote mtu akikwama kule mbele alikuwa akipaza sauti kwenye korido, "Sumakuuu!", na yeye alikuwa akijifanya amechoshwa. Sasa korido ilikuwa kimya, na kimya kile kilimuuma.

Wakati huo huo binti yao akajifungua mtoto wa kike, huko mbali alikoolewa. Mkewe alisimamisha cherehani ili aseme, na alipoisimamisha, Mzee Sumaku alikaa kitako mwenyewe bila kuambiwa.

"Baba, tunakwenda kumwona mjukuu. Likizo yote, mwanzo mpaka mwisho."

"Tunakwenda, mama."

"Safari hii ukiitwa ukaondoka, nenda. Sitakushika shati. Ila mimi sitarudi. Nitabaki kwa mwanangu. Sare za shule zinavaliwa kote."

Alisema bila kukunja uso, akaendelea kushona. Mzee Sumaku aliapa kwa yote anayoyajua. Aliapa kweli, na alimaanisha. Shida yake ni kwamba alikuwa na uwezo wa kumaanisha vitu viwili kwa wakati mmoja.

Siku ya mwisho kabla ya safari, faili moja tu lilikuwa bado na lebo ya zamani: "Paa Jipya Linavuja". Mahali pake palijulikana, hata kipofu angepaona: Majengo, Matengenezo. Alilishika. Akatazama huku na huku. Akafungua kitabu kwingine kabisa, kwenye Hali ya Hewa, Taarifa za Mvua, akaandika lebo hiyo kwa mwandiko wake mzuri, akalisukuma rafu ya chini kabisa. Na sababu alikuwa nayo! Nani amewahi kuulizia paa jua likiwaka? Paa ni jambo la mvua. Ukitaka kumbishia utachoka bure.

Hakutaka ubaya. Alitaka simu moja tu. Mvua itanyesha, watatafuta, watakwama, watampigia, atasema kwa sauti ya uchovu, "Tazameni Hali ya Hewa," basi. Simu moja si kuondoka. Mkewe alisema akiitwa akaondoka. Hakusema akiulizwa akajibu. Alipanda basi na dhamiri yake ikiwa imetulia kabisa.

Binti alimpokea kwa furaha, akampa kiti cha pekee chenye mto. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, nepi zimeanikwa hadi juu ya televisheni. Bibi alimpokea mjukuu, akamgeuza huku na huku, akasema, "Ehe, mke mwenzangu ndiye huyu? Pua yenyewe ya kwako, baba. Pole yake." Kila mtu akacheka, na Mzee Sumaku akacheka, mkono mmoja ukiwa kwenye mfuko wa shati palipo simu.

Mvua zikaanza. Redio ikasema zinanyesha nchi nzima. Wenye nyumba wakaanua nepi mbio mbio, na babu peke yake ndiye aliyetoka kibarazani akasimama anazitazama kwa tabasamu.

"Baba, utalowa," binti alisema.

"Acha inyeshe, mwanangu. Ni baraka."

Ilinyesha hasa. Simu haikulia. Alikwenda nayo bafuni, haikulia. Alilala nayo kifuani, haikulia. Akaanza kuishuku. Alimwomba binti ampigie ili ajue kama ni nzima. Binti akampigia wakiwa wamekaa kochi moja, simu ikalia, na Mzee Sumaku akaruka akasema kwa sauti ya ofisini, "Masjala, nikusaidie nini?" Binti alimtazama babaye, halafu akamtazama mamaye. Mamaye akainua mabega.

Iliyokuwa ikilia ni simu ya mkewe. Kila asubuhi ililia, naye alitoka nayo nje chini ya mwavuli, akazungumza kwa kunong'ona, akarudi. "Ni dada yangu," alisema. "Mguu unamsumbua." Mzee Sumaku alimwonea shemeji yake huruma, na kidogo akamwonea wivu mkewe, ambaye angalau mtu alikuwa anamtafuta.

Mwishowe uvumilivu ulimwishia. Mkewe akiwa dukani, alimpigia Mama Pacha, katibu muhtasi wa ofisi, mama mcheshi anayejua kila kitu kinachopita pale na vingine visivyopita.

"Mzee wetu! Mjukuu hajambo?"

"Hajambo. Nimepiga kusalimia tu. Huko mvua vipi?"

"Mvua? Aa, ya kawaida." Nyuma ya sauti yake kitu kilikuwa kinagonga, to, to, to.

"Nini hicho kinagonga?"

"Mihuri, Mzee. Leo tunagonga mihuri."

Mzee Sumaku aliibana simu sikioni. "Na lile faili la paa? Mmelihitaji?"

Mama Pacha alikohoa. "Ah, lile! Tulilipata, Mzee. Lilikuwa mahali pake. We pumzika." Akakata.

Mahali pake! Wamelipata hata pale! Mzee Sumaku alikaa kwenye ngazi ya mlango, mvua inamrukia miguuni, asiijali. Alijisikia mtu aliyekwisha kazi. Mkewe alirudi akamkuta hapo, akafunga mwavuli.

"Una nini?"

"Hawanihitaji, mama. Hata kidogo."

Angeweza kumwambia mengi, mwanamke yule, na alikuwa na haki. Aliingia ndani, akatoka na mtoto analia, akamwekea mikononi. "Mshike shingo," alisema. "Si hivyo. Hivyo."

Simu ya Mzee Sumaku ilitiwa kwenye droo ya vijiko, na tangu hapo likizo ikawa likizo. Kwa kuwa hakuweza kukaa bila kuainisha kitu, aliainisha vilio vya mjukuu: kilio kifupi cha kukatika ni Chakula, Ucheleweshaji; kirefu cha kupanda ni Mavazi, Unyevu; na kile cha jioni kisicho na sababu ni Malalamiko ya Jumla, nacho dawa yake ni kubebwa na babu kuzunguka meza. Alikuwa hakosei. Binti alianza kuita kutoka jikoni, "Baba! Hiki ni kipi?" naye alijibu akiwa bado hajainuka.

Aligundua pia kwamba mkewe huimba akipika. Miaka yote hiyo alidhani ni redio ya jirani. Alikuwa akikaa mlangoni mwa jiko anasikiliza, na mkewe akigeuka anajifanya anatafuta kiberiti. Siku ya kuondoka binti alilia, na mzee naye alilia waziwazi, na kondakta akawaambia basi halina nafasi ya kulia, wapande kwanza.

Aliripoti kazini asubuhi ya kwanza. Mlinzi alimfungulia geti akampigia saluti. "Karibu sana, Mzee. Chagua pakavu ukae."

Korido ilikuwa imejaa ndoo. Kulikuwa na ndoo, karai, sufuria ya chai, na bakuli moja la maua, na kila kimoja kilikuwa kinapokea tone lake, to, to, to. Mhasibu alikuwa amevaa buti za mpira. Mama Pacha alikuwa ameifunika kompyuta kwa nailoni akiandika mikono ikiwa chini yake. Na mkuu wa ofisi, katika suti yake nzuri, alikuwa anatia saini barua kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika mwavuli.

"Sumaku!" mkuu alipaza sauti, karibu aangushe mwavuli. "Faili la paa! Tumetafuta Majengo, tumetafuta Mikataba, tumetafuta Maji, mpaka Malalamiko. Yule mkandarasi anatucheka! Huko kwa binti yako hakuna mtandao kabisa? Mama Pacha amekupigia mpaka kidole kimemuuma, kila siku hupatikani."

Mzee Sumaku alimtazama Mama Pacha. Mama Pacha alikuwa anakagua nailoni yake kwa makini sana.

"Hakuna mtandao, mkuu," alisema. "Kule ni bondeni."

Akaenda masjala. Hakufumba jicho, hakunyoosha mkono kwa mbwembwe. Aliinama tu rafu ya chini, na faili lilikuwa pale pale alipolisukuma. Hiki ndicho alichokitaka. Ofisi nzima ilikuwa imekwama bila yeye, imelowa, inavaa buti. Alingoja moyo wake ufurahi, ukakataa. Alichokionea aibu hasa ni lile bakuli la maua lililogeuzwa ndoo. Alibandua lebo, akaandika Majengo, Matengenezo, akalipeleka mbele likiwa wazi kwenye ukurasa wa saini. Mkandarasi aliitwa, akaushangaa mwandiko wake, na kabla ya chakula cha mchana mafundi walikuwa juu.

Jioni alimkuta mkewe kwenye cherehani, rundo la kaptura pembeni. Hakuvua hata viatu.

"Hawakulipata," alisema.

"Najua."

"Unajua?"

"Mama Pacha alinipigia kila siku. Nilimwomba kabla hatujaondoka kwamba asikupigie wala asiache mwingine akupigie, hata nyumba ikiungua. Siku nyingine alikuwa analia, maskini. Nikamwambia avumilie."

"Na mguu wa shemeji?"

"Mguu wa dada yangu ni mzima kuliko wako." Akageuza kaptura, akashona upande wa pili. "Uliliweka wapi?"

"Hali ya Hewa," alisema kwa sauti ya chini.

Mkewe alicheka hadi akaegemea cherehani, akafuta macho kwa kitambaa cha sare, akacheka tena. "Hali ya Hewa! Watu wamekunywa chai kwenye vikombe vya ofisi vimejaa mvua, faili liko Hali ya Hewa!"

"Lakini mama, ni maneno matatu tu. Ungenipa simu nikayasema, wangekauka siku hiyo hiyo. Mbona hukuniambia?"

Hapo aliisimamisha cherehani. Hakuwa na hasira, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Ungerudi," alisema.

Mzee Sumaku alifungua kinywa aape kwamba sivyo, kwamba safari hii angejibu tu na kukaa. Alimtazama mkewe, na kiapo hakikutoka.

"Ningerudi," alisema.

Mkewe alisogeza rundo la kaptura, akampisha nafasi kwenye benchi. Mzee Sumaku alivua viatu, akakaa.